Kaka Bakari, Nimeizima Kompyuta Yako

Kaka Bakari,

Nimekaa jikoni. Mwanangu Njeri amesinzia kwenye kochi na viatu vyake vya kanisani, na nje ndege zinazoshuka kwenye uwanja wa Dulles zinapita juu ya paa letu kama kawaida. Ni Jumapili mchana. Kesho wakaguzi wanakuja ofisini na mimi naogopa. Nimekuwa nikiogopa tangu siku ulipoanguka ukiondoa theluji kwenye gari lako, lakini leo naogopa kwa namna nyingine, na sina mtu wa kumweleza ambaye ataelewa hata nusu yake. Ndiyo maana nakuandikia wewe.

Kwanza nikupe habari za kwako. Mkeo, Mama Zuhura, yuko kwenye eda, amekonda lakini mzima. Nilimpelekea chapati na ndengu kule Woodbridge, akala kidogo ili nisivunjike moyo. Siku ya mazishi wanaume walikubeba kutoka msikitini wakaenda nawe makaburini, sisi wanawake tukabaki naye nyumbani. Nilijua ndiyo mila yenu na sikulalamika. Lakini kwetu Nyeri mtu hutupia udongo kidogo kwa mkono wake mwenyewe ndipo arudi nyumbani. Mimi sikutupa kitu. Jumatatu nikaingia ofisini, nikaikuta kompyuta yako inanguruma chini ya meza kama ulivyoiacha Ijumaa.

Mama Zuhura alikuwa amesema vitu vyako visiguswe mpaka arobaini ipite. Alikuwa anazungumzia makoti na viatu. Mimi nikaongeza kompyuta. Nilizima kioo chake, nikakifunika kwa leso yangu ya njano, nikawaomba watu wasikae pale. Hata jina lako la kuingilia kwenye seva sikulifunga. Linda aliniuliza kama nimelifunga, nikamwambia nitalifunga. Unamjua bosi wetu, ni mtu mwema, lakini nilianzaje kumfafanulia arobaini kwa Kiingereza?

Halafu ikaja ile kazi uliyoipanga mwenyewe, ya kuweka programu mpya kwenye kompyuta zote. Tuliziweka zote isipokuwa yako. Programu ziliingia vizuri, masharti ndiyo yaliyogoma. Unakumbuka ulivyoyaandika kwa mkono mstari kwa mstari: nani aruhusiwe kuongeza programu, kioo kijifunge baada ya muda gani, faili zihifadhiwe wapi. Uliyaandikia programu za zamani, na hizi mpya hazikuyatambua kabisa. Kila mtu akawa anafanya apendavyo.

Linda akaniita, akafunga mlango wake. Akaniambia wateja wetu wa serikali wanatuma wakaguzi, na wakikuta kompyuta hazifuati masharti, mkataba unaondoka. Mkataba ukiondoka, wa kwanza kuondoka ni mimi, na karatasi zangu za uhamiaji zimeshikiliwa na kazi hii. Aliyasema hayo kwa upole, akanisogezea bilauri ya maji. Upole wake ulinitisha kuliko kama angenifokea.

Kuandika masharti upya kama wewe siwezi, tusidanganyane. Kwa hiyo nilifanya lile ulilokuwa ukilidharau. Nilitafuta yaliyokwisha tengenezwa. Nilihangaika kwenye mtandao, nikapita kwenye mabaraza ya mafundi wanaotukanana, nikakuta wengine wana shida hii hii baada ya kubadilisha programu. Mmoja akawaelekeza wenzake: waliotengeneza programu wenyewe wameweka violezo, bila malipo. Kila sharti limeshapangwa, kazi yako ni kuchagua ndiyo au hapana. Ni kama zile karatasi za mafundi cherehani, kata hapa, shona hapa. Baba yako alikuwa fundi nguo Tanga, na nilijua ungesema nini. "Mkenya wewe, usiniletee vitu vya kudownload. Rahisi ghali. Nguo ya dukani imeshonewa mtu asiyekuwepo."

Nilivishusha hata hivyo. Nilichagua ndiyo na hapana mchana kutwa, nikisoma kila sharti kwa sauti ya chini kama mgonjwa anayesoma karatasi ya dawa. Nikajaribu kwenye kompyuta yangu, yakakubali. Nikayaachia ofisi nzima. Jioni hiyo nilipika ugali na sukuma wiki nikala nikashiba, mara ya kwanza tangu ufe.

Asubuhi yake simu zikalia kabla sijavua koti. Huyu hawezi kufungua barua zake, yule printa imemkataa. Nikaingia kwenye seva. Masharti yangu hayakuwepo. Yalikuwepo yako, yale ya zamani, yamekaa mahali pake kana kwamba jana mimi sikuja kazini. Kompyuta nyingine zilikuwa bado zinafuata yangu na nyingine zimeshika yako, zimevurugana. Nikadhani sikuhifadhi vizuri. Nikarudia kazi yote. Kesho yake, yale yale. Nikarudia tena, na safari hii yalipofutika nilifungua kumbukumbu za seva nione nani anayebadilisha.

Jina lilikuwa lako. Alfajiri, wakati uliozoea kuamka kuswali, wewe uliingia ukayaondoa masharti yangu ukarudisha ya kwako.

Kaka, nilisoma jina hilo mara mbili. Nilikaa chini sakafuni, kwenye kile chumba cha seva, na baridi yake ikaniingia mpaka kwenye meno. Najua mtu akifa hatumii kompyuta. Nina cheti, umekipigilia msumari ukutani kwangu wewe mwenyewe. Lakini nilijua pia ulivyo ukikuta kazi ya ovyo, unavyofyonza meno, unavyoifumua yote kimya kimya na kuianza upya. Nikasema basi, amekasirika. Nimemletea nguo za dukani kabla hata udongo wake haujakauka.

Nilimwambia Mado wa uhasibu, maana lazima umwambie mtu. Hata hakushtuka. "Ule ni yeye," akasema. "Muntu akikufa na kazi yake haiyaisha, anarudiaka. Sisi kwetu Bukavu tunajuaka hiyo." Tangu siku hiyo hapiti karibu na meza yako, anazunguka ofisi nzima ili aende chooni. Ungemwona ungecheka. Mimi sikuweza kucheka. Linda alikuwa ameanza kusimama nyuma ya kiti changu, na kila nilipomwambia nimemaliza, kesho yake nilionekana mwongo.

Nikakwangua kadi ya simu nikampigia mama Nyeri. Mama ni wa kanisa sana, nilijua ataniambia niombe. Akaniambia niombe. Kisha, dakika za kadi zikikaribia kwisha, akasema, "Ukimaliza kuomba, muulize anataka nini."

Basi Ijumaa nilimwacha Njeri kwa Mado kabla hakujapambazuka, nikaenda ofisini peke yangu. Niliwasha taa zote, hata za ukumbini. Nikakaa kwenye kiti chako, ambacho sikuwahi kukikalia. Nikasema kwa sauti, "Kaka, niwie radhi. Nina swali." Nilisema "nina", Kaka, si "niko na" ya kwetu. Hata kwa hofu ile nilikumbuka, maana ulikuwa unajifanya kiziwi kila nilipokuja na "niko na swali". Nikakwambia kama violezo ndivyo vinavyokuudhi nitaviondoa, lakini unionyeshe njia nyingine, kwa sababu nina mtoto na wakaguzi wanakuja.

Kitu kikaamka. Chini ya meza, karibu na goti langu, diski ikaanza kukwaruza, na taa ile ndogo ya kijani ikawa inapepesa haraka haraka. Nilipiga ukelele. Nilikimbia mpaka kwenye lifti na kiatu kimoja, nikaibonyeza na kuibonyeza, na lifti haikuja.

Nikiwa pale, mguu mmoja umeganda kwenye vigae, ndipo nikaanza kujionea haya. Kompyuta ikifanya kazi peke yake alfajiri, basi kuna mtu aliyeiagiza. Hilo ulinifundisha wewe, wiki ya kwanza. Nikarudi huku nachechemea. Nikaondoa leso, nikawasha kioo, nikaingia kwa nywila yetu ya mafundi, nikatazama imepangiwa kazi gani.

Kila alfajiri inachukua nakala yako ya masharti na kuirudisha kwenye seva juu ya chochote kilichopo. Basi. Uliipanga wiki ile ile uliyoniruhusu mimi kuanza kugusa seva.

Ilinichukua muda kuelewa. Kila jioni ulikuwa ukivaa koti lako na kuniuliza, "Leo umegusa nini?" Nakutajia, unaguna, unakwenda kwenye meza yako kidogo ndipo unaondoka. Kumbe niliyoyapatia ulikuwa unayaongeza kwenye nakala yako. Niliyoyakosea uliyaacha, na alfajiri mashine iliyafuta kabla mtu yeyote hajafika kazini. Miaka yote hiyo mimi niliamini kwamba sikosei. Nilikuwa nikimwambia mama, "Kazi hii nimeiweza, hakuna siku nimeharibu." Nilikuwa naharibu kama kila mtu, na wewe hukuniambia hata mara moja. Nilikutukana kidogo pale kitini, unisamehe.

Na mpango huo huo, baada ya kufa kwako, ulikuwa unanimaliza. Haukujua kwamba wewe umekufa. Kwake masharti yangu mapya yalikuwa makosa ya mwanafunzi, ukawa unayafuta kwa uaminifu, kwa jina lako ambalo mimi sikutaka kulifunga.

Arobaini yako haijafika. Nilimpigia Mama Zuhura, alikuwa ameshaswali, nikamweleza nilivyoweza. Halafu akasema, "Wifi yangu, mimi nilisema makoti. Mashine izime, naye apumzike."

Nililifunga jina lako kwanza. Kisha nikaishika swichi ya kompyuta yako, nikaibonyeza, sikuiachia. Feni ikapungua, ikapungua, ikanyamaza. Sikujua ina sauti kubwa vile mpaka iliponyamaza. Ule ndio udongo wangu, Kaka, sina mwingine niliokutupia.

Siku nzima ya Ijumaa niliyapanga masharti upya kutoka kwenye vile violezo, nikayaachia. Jana, Jumamosi, nikaenda alfajiri kuangalia. Yalikuwa pale pale, yote, na jina kwenye kumbukumbu lilikuwa langu tu. Nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu katikati ya masharti nikaliona kosa: mahali pa kusema ndiyo nilikuwa nimesema hapana, na kwa kosa hilo ofisi nzima isingeweza kuhifadhi faili. Kosa kubwa, la kijinga. Lilikuwa limelala pale usiku kucha nilipoliacha, na hakuna aliyeligusa.

Hapo ndipo nilipojua umekufa. Nilikuwa nimevaa nyeusi, nimekaa na mjane wako, nimelia, lakini nilikuwa sijajua. Nililia kwa sauti, jengo zima halina mtu. Wiki nzima nilikuwa naogopa kwamba ni wewe. Sasa naogopa kwa sababu si wewe, na hofu hii inauma zaidi, maana ile ya kwanza angalau ilikuwa na mtu ndani yake.

Nililirekebisha. Nikapitia masharti yote tena tangu mwanzo, nikakuta kosa jingine, nikalirekebisha na hilo. Huenda liko la tatu ambalo sikuliona, na kesho wakaguzi wataliona mbele ya Linda. Wakiliona sijui nitamwambia nini Njeri, ambaye nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza na anadhani Nyeri ni jina la mtu. Kanisani nilisimama na kukaa pamoja na watu, sikumbuki mahubiri yalihusu nini.

Lakini nakuahidi jambo moja. Wakinibakiza, nitakuwa nafika kazini kabla ya wengine, kila nitakapokuwa nimegusa kitu, nikitazame mwenyewe kabla hakijamfika mtu. Na nikipewa mwanafunzi, nitamwuliza kila jioni amegusa nini. Kama nitamwambia makosa yake au nitayafuta kimya kimya kama wewe, hilo bado sijaamua. Siku ya arobaini nitakuwa Woodbridge jikoni na mkeo tangu asubuhi.

Nilisikia ndugu zako wakimwomba Mungu akupanulie kaburi. Mimi sijui dua zenu, lakini niliitikia amina, na leo naitikia tena. Lala, Kaka Bakari. Ukisikia nimekosea, usiamke. Nitaamka mimi.

Mdogo wako,
Wambui