Randa ya Kona

Jumatatu, 3 Machi

Milango ya hoteli bado. Tajiri anaitaka yote kabla mwezi haujaisha. Mgongo wangu umekataa, lakini nani ameuuliza?

Leo kila ulimi wa ubao uliingia kwenye tundu lake vizuri, ila bega, ule ukingo wa ubao kando ya ulimi, halikai. Mwanya upande mmoja, unapitisha kucha. Nikachukua nyundo. Mwenzangu Msasa akanishika mkono: wewe, unamlazimisha mkwe akupende? Akatoa randa yake nyembamba, ile tunayoiita randa ya kona, akanipa.

Tuko naye benchi moja na chumba kimoja, lakini randa hiyo hajawahi kumpa mtu. Alikuja nayo kutoka kwao, ndani ya soksi. Kisu chake kina upana sawa na mwili wake, kwa hiyo inafika mpaka ndani ya kona, pale randa kubwa inapoishia kubisha hodi. Unasukuma kutoka ukingoni mpaka katikati, basi. Unageuka, unaanza upande wa pili. Ukipitiliza moja kwa moja, ncha inapasuka. Ya kwanza nimeipasua! Msasa akacheka kwa ile sauti yake ya kukwaruza iliyompa jina. Ya pili ikakaa. Mwanya umekwisha kabisa, hata kwa mwanga huuoni.

Msimamizi akapita. Asingekuwa kaka wa mke wangu, asingekuwa yeye aliyenileta huku, mara nyingi ningemjibu. Leo alikuwa na mzaha. Mnabembeleza mbao? Msasa akamwambia: tufanyeje, bwana mkubwa, dada zako wako mbali. Hata mimi nimecheka, na dada yake ni mke wangu!

Kisha akabadilika. Milango inachelewa. Ile kinga inayofunika meno ya mashine ya msumeno inatuchelewesha, itoke. Akaifungua mwenyewe, akaitupa chini ya meza.

Jumatano, 5 Machi

Msasa amekatwa. Mkono wa kushoto. Vidole vitatu.

Ubao ulikuwa na fundo. Msumeno ukaurusha, mkono ukafuata. Mimi nilikuwa upande wa pili nikipokea mbao. Hakupiga kelele. Alisema, zimeni hiyo, zimeni — kama mtu anayekumbusha taa.

Vidole nimeviokota. Nimevifunga kwenye fulana yangu, nikakimbia navyo nyuma ya gari lililompeleka hospitali. Daktari hakuvitaka.

Alhamisi, 6 Machi

Kinga imerudi! Nimefika asubuhi nimeikuta mahali pake, skrubu mpya zinang'aa. Sakafu wameimwagia maranda, wameifagia.

Tajiri alituita wote. Akasema Msasa ni mzembe. Alikuwa akitumia randa yake mwenyewe, imemteleza, imemkata. Na sheria ya hapa tunaijua: zana uliyokuja nayo, balaa lake ni lako.

Randa! Tulitazamana. Fundi rangi akakohoa, akainamisha kichwa. Randa inatoa ngozi ya mbao, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ikikuteleza itakuchuna. Vidole vitatu, na mifupa yake?

Kila mmoja akarudi kwenye benchi lake. Mimi pia.

Baadaye shemeji akanivuta nyuma ya rundo la mbao. Jumanne anakuja mkaguzi wa ofisi ya kazi. Atamuuliza aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ni mimi. Niseme ni randa. Nikamwambia, shemeji, kinga uliitoa wewe. Akasema, ndiyo maana nakuomba wewe, sikumuomba mwingine. Macho yake mekundu. Nadhani hajalala.

Jumamosi, 8 Machi

Nimetoka hospitali. Mkono wake wameufunga mpaka umekuwa kama kifurushi. Unanuka. Kidole gumba kimeanza kubadilika rangi.

Muuguzi alinitoa nje. Akasema Msasa anatakiwa apasuliwe tena, haraka, la sivyo kiganja chote kitakwenda. Ikiwa ni mashine ya kazini, tajiri lazima amtibu mpaka apone. Ikiwa ni zana yake mwenyewe, wanamfungashia virago, anarudi kwao hivyo hivyo alivyo. Akaniuliza: sasa, ilikuwa nini? Nikasema sikuona vizuri.

Sikuona vizuri! Mimi niliyekuwa mbele yake.

Nikarudi ndani. Msasa akauliza, mabega yanakaa? Yanakaa. Unageuka katikati? Nageuka. Akasema, usimwachie mtu randa yangu, hasa shemeji yako, yule ataiparamia kama punda. Akacheka, akaumia. Halafu: huko kazini wanasemaje? Nikamwambia wanakusalimu.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amepiga simu. Si kawaida yake kupiga yeye. Kaka yake keshamweleza. Amesema, baba, usimwangushe kaka. Ni yeye aliyekutoa shimoni. Kweli ni yeye. Na mtoto anakuja, tumbo limeshamzidi mama yake, hainami tena kufunga viatu.

Nikamwambia mambo ya mkono wa Msasa. Akauliza, huyo mwenzio ana watoto? Anao. Nikasikia akivuta kiti. Kisha akasema, mimi sijui, mume wangu. Wewe ndiwe uliyeko huko.

Kitanda cha Msasa kitupu. Blanketi lake bado limekunjwa vilevile alivyoliacha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeamua. Nitasema ni randa.

Kibali changu cha kazi kiko kwenye droo ya tajiri. Chumba hiki ni cha tajiri. Shemeji akifukuzwa mimi namfuata siku hiyo hiyo, na mke wangu atazaa huku mumewe na kaka yake wote hawana kazi. Msasa keshapoteza vidole, maneno yangu hayavirudishi. Neno lenyewe nimelirudia mpaka limekuwa kama sala: iliteleza, ikamkata. Iliteleza, ikamkata.

Mchana kutwa nimefanya kazi kwa randa hiyo hiyo. Mlango baada ya mlango. Hata haikunikwaruza.

Jumanne, 11 Machi

Naandika kwenye rundo la mbao, uani. Wametuambia tungoje.

Mkaguzi ni mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni. Tajiri akamletea kiti, hakukaa. Akaomba randa. Akaipindua, akapitisha dole gumba kwenye kisu, kwa kuyakatiza makali, siyo kwa kuyafuata — kama sisi tunavyofanya. Huyu kakulia kwenye maranda.

Akaniuliza, mwanangu, ilikuwaje? Nikasema: iliteleza, ikamkata. Imetoka vizuri kabisa! Shemeji akashusha pumzi.

Akasema, haya, nionyeshe.

Nikaweka ubao kwenye benchi. Mkono wa kulia nyuma ya randa, wa kushoto mbele, juu, unakandamiza. Halafu? Ili kisu kifike kwenye vidole vya kushoto, mkono ule lazima uwe chini ya randa. Lakini ndio unaoishikilia kwa juu! Na kisu chenyewe kimechungulia chini pale kwa unene wa unywele. Nikaubadili mkono. Nikaugeuza ubao. Nikaanza tena. Nilitaka kusema uongo, Mungu anajua, nilitaka kwa moyo wote. Mikono haikujua pa kuanzia.

Shemeji akaingilia: iliteleza hivi, mama, hivi. Mama akasema, mwache, yeye ndiye aliyeona.

Nikafanya ile ninayoijua. Kutoka ukingoni mpaka katikati. Unyuzi mmoja ukatoka, umejikunja. Akauokota, akautazama kwenye mwanga. Akaniuliza taratibu: hii ndiyo iliyomkata mwenzio?

Ndiyo nilikuwa nayo, nimelala nayo. Haikutoka. Hapana nayo haikutoka. Nikaiweka randa benchini.

Hakuuliza tena. Akaenda kwenye mashine, akagusa skrubu mpya moja moja. Kisha wakaingia ofisini, yeye na tajiri, mlango ukafungwa. Sauti ya tajiri ilikuwa juu. Sasa siisikii.

Shemeji amekuja, amekaa hapa karibu nami. Anasema nimemuua. Nimemwambia sijasema kitu, shemeji. Anasema anajua, angalau ningesema kitu angejua pa kushika.

Mlango umefunguka. Mama anamtaka aingie yule aliyekuwa karibu na mashine. Mashine — ndivyo alivyosema. Hakutaja randa.

Sijasimama. Shemeji ameweka mkono juu ya goti langu. Haubonyezi. Umekaa tu, na vidole vyake vyote vitano. Mama anaita tena.