Paa la Tramu Yetu

Mpendwa baba,

Mwadila, salamu yetu ya jioni. Nakuandikia nikiwa kibarazani, mahali pako, jua la Bariadi limelegea na vumbi la barabarani limetulia. Mbele yangu ipo tramu yetu. Imekamilika yote isipokuwa paa, na mama amenichoka. Jana aliniuliza, "Mayu, gari la baba yako litakaa bila paa hadi lini? Mvua hizo zinakuja." Utadhani kuna abiria watakaoloa.

Unakumbuka nilivyorudi na lile boksi? Mwaka mzima niliosoma ng'ambo uliniuliza kwenye simu ninafikaje chuoni, nami nikakujibu kwamba napanda tramu, gari la umeme linalopita kwenye reli katikati ya mji. Hukuamini hata kidogo. Ndiyo nikakuletea mfano wake mdogo, vipande vya rezini, ile plastiki ngumu inayomiminwa kwenye kalibu, tuunganishe wenyewe. Miguu mibovu ilikuwa imekutoa kijijini Nkoma kuja kukaa kwangu, na mikono yako iliyozoea ng'ombe na pamba ilikuwa haina kazi.

Ulipiga msasa dirisha moja moja, kwa subira ile ile ya kuchonga mpini wa jembe. Na maswali!

"Usukani uko wapi?"

"Haina, baba."

"Na ng'ombe wakivuka?"

"Inapiga kengele, inasimama, inasubiri."

Ukatikisa kichwa. "Basi hilo ni gari lenye adabu."

Tangu hapo ukaanza kuitengenezea njia. Reli ilitoka Nkoma, ikapita katikati ya pamba iliyopasuka, nyeupe pande zote, ikasimama kisimani, ikasimama mnadani, ikaingia Bariadi polepole. Mimi nimeshika gundi, wewe umefumba macho, unataja vituo. Kuna jioni niliisikia ile kengele kabisa, nikageuka kutazama barabarani.

Halafu lile la samli. Asubuhi moja nilikuta vipande vyote vinang'aa kwenye ungo. Ulikuwa umevipaka samli kimoja kimoja, kama kibuyu kipya cha maziwa. "Kitu kipya hakiachwi kikavu," ukaniambia, "jua la huku litakipasua." Baba, rezini haitaki mafuta hata ya kidole kabla ya rangi! Nilipopitisha brashi, kijani kikajikusanya matone matone, kikakimbia. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe ukakitazama kwa makini, ukasema, "Ndama naye hukataa kamba mara ya kwanza."

Tukaosha kwa sabuni ya kipande na mswaki mkuukuu, milango, magurudumu na ubavu wote. Ulipochoka tukasema paa tutaliosha siku nyingine. Hiyo siku hatukuipata.

Kwa hiyo paa bado lina samli yako. Nikiliinamisha kwenye mwanga, naona gumba lako limejichora pembeni, na ule mstari wa kovu uliloachiwa na kamba ya dume. Mara ngapi nimeweka maji kwenye beseni, nikashika sabuni, nikairudisha. Niliogopa. Nguo zako zimeshagawiwa, fimbo yako wameichukua ndugu wa Nkoma, na nikiliosha hilo paa, alama ya mkono wako nitaitafuta wapi? Pengo lako linaniuma, baba. Hata maswali yako nayatamani.

Barua hii niliiacha hapo kwa siku mbili. Leo nimelipaka paa bila kuliosha. Krimu, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Rangi imeshika kwa shida, imekunjamana hapa na pale, fundi yeyote angenicheka. Pale kwenye gumba imekataa kabisa. Nimeliacha hilo baka lilivyo, nikalifunika gari letu kwa paa lake, nikaliweka dirishani likitazama mjini.

Mama amekuja akaligusa baka kwa ncha ya kidole. Kisha akalishika gari lote kwa mikono miwili, akaligeuza taratibu lielekee Nkoma.

"Umelielekeza vibaya," akasema. "Baba yako anapandia kule."

Haya, gari linakuja, baba. Kaa upande wa dirisha. Ng'ombe wakivuka, tutasubiri.

Ni mimi, binti yako, uliyekuwa ukimwita mayu, yaani mama.