Sikio la Kushoto la Baba

Mjukuu wangu Wafula,

Hapa Bokoli tuko, ila kikohozi cha nyanya yako kimekataa kuisha. Mahindi tumepalilia. Nimefurahi kusikia umepata kazi ya kinyozi huko Kitale.

Unauliza kwa nini ndevu za wateja za kando ya masikio zinakutoka upande mmoja juu, mwingine chini, hata ukizipima. Si unazipimia masikio? Hata mimi nilifanya hivyo.

Nilikuwa kinyozi hapo hapo Kitale, kijana wa kujisikia. Kila aliyetoka huku kwetu Bungoma aliniletea salamu za baba: "Mwambie aje anitengeneze hizi ndevu." Nami nilijibu kwamba nitakuja Krismasi. Krismasi zikapita. Siku niliyofika nyumbani, alikuwa ndani ya jeneza, na wazee wakaniambia nimnyoe kabla watu hawajamuaga.

Nilimnyoa polepole, nikilinganisha kila upande na sikio lake. Nilipomaliza, uso ulionekana umeenda upande. Mama alikuwa amesimama karibu yangu.

"Sikio lake la kushoto liko chini," akasema. "Kwani hukuwahi kumwangalia?"



Basi achana na masikio. Mkalishe mtu wima, simama mbele yake, mtazame usoni mpaka umjue, ndipo ukate, kidogo kidogo.

Ukipata nafasi, njoo na mashine yako. Mimi pia nina sikio moja lililoshuka. Sikuambii ni lipi.

Babu yako