Majivu Tuliyotia Kisimani

Shangazi yangu uliyelala nyuma ya migomba,

Nakuandikia jambo ambalo ungenizuia kulisema, ndiyo maana nimengoja hadi ushindwe kunizuia.

Wapimaji wa maji walirudi juma lililopita. Walewale wanaozunguka mgodi wa makaa ya mawe: huchota mtoni juu ya mgodi, huchota chini yake, kisha hushuka kwenye kisima chetu, kila chupa na lebo yake, zote ndani ya boksi la barafu kama samaki wa Kyela.

Unakumbuka walipokuja mara ya kwanza? Mwenyekiti wa kitongoji alitangaza kuwa kesho kuna wageni kisimani. Wewe, mtunza kisima tangu sijaota meno, ukawakusanya wanawake, mkakikausha, mkasugua mawe mpaka ile kutu ya rangi ya chungwa ikatoka. Maji mapya yalipojaa ukaagiza majivu, debe zima, kama mama zenu walivyofanya maji yakichafuka.

Nikakwambia, "Shangazi, wanakuja kupima maji, hawaji kutukagua sisi."

"Nyamaza wewe. Mgeni akute uchafu kwangu? Atasema Wanyakyusa hawajui kufagia."

Wenzako wakacheka. Nami, mjuaji wa kijiji, mwenye daftari la rangi za maji na vikaratasi vya kupimia asidi nilivyonunua Mbeya mjini, nikalibeba debe. Asubuhi ile wageni walipochota, kikaratasi changu kilisema kisima kimepona. Baada ya siku tano kikasema kimeugua tena. Nilikwisha kusoma mahali kwamba majivu huizima asidi na kuituliza kutu chini. Nilijua chupa zao zimeondoka na usafi wetu, si maji yetu. Sikusema. Ningesemaje? Ulikuwa umevaa kitenge kipya kuwapokea.

Majibu yakaja: salama. Yakapigiliwa misumari mlangoni pa ofisi ya kijiji, na kwetu huku maji yenye rangi ya chai yakigombana na muhuri, muhuri ndio hushinda. Ukanywa kata nzima mbele za watu. "Mnaona?" Tumbo lilipoanza kukuuma ukakataa kuteka pengine, maana ungekuwa umejikana. Sisemi ni maji yaliyokuondoa. Daktari hakusema, nami si daktari. Ila aliyejua ni mimi, na kila jioni nilikuona ukipita na ndoo, nikakuamkia.

Basi safari hii niliwahi. Nilikaa juu ya mfuniko wa kisima kabla akina Mama Tumaini hawajafika na majivu yao.

"Baba Neema, shuka hapo! Wageni wako njiani, unataka tuaibike?"

"Ndiyo."

"Huyu pombe ya jana haijamtoka."

Nikawaeleza. Nikasema ni wewe uliyeagiza na mimi niliyebeba, na kwamba ile karatasi ya mlangoni ilipima majivu. Mama Tumaini akatua debe. Mwanawe wa mwisho anaharisha tangu mvua ziishe.

"Kwa hiyo shangazi yako alitunywesha maji haya muda wote, na wewe unajua?"

"Nilijua."

Akanitemea mate miguuni. Nilistahili, na bahati nzuri viatu vilikuwa vya zamani.

Wapimaji wakachota maji jinsi yalivyo. Majibu bado. Lakini wanawake hawakungoja muhuri. Wamekizungushia kisima miiba, sasa wanateka maji kwenye chemchemi ya ng'ambo, upande usio na mgodi, kilima kizima kwenda na kurudi. Wanapotua ndoo kupumzika wanakutaja, Shangazi, na si kwa wema. Nimewasikia kwa masikio yangu. Kisima ulichokifagia maisha yako yote, leo watu wanakumbuka debe moja tu.

Hukuwa na mtu mwingine wa kukutetea ila mimi, nami ndiye niliyekutoa hadharani. Usinisamehe haraka. Mtoto wa Mama Tumaini jana alikula ndizi, akaomba nyingine.

Lala, Shangazi. Ukiamka na hasira, unajua nyumba yangu ilipo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako