Bwawa la Daktari Burdick

Kwa kaka yangu Asahel,

Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na wifi Prudence awe ameshapona mgongo. Sisi huku Vermont tunapumua, ila roho yangu inachemka. Jirani yetu Zadok Pell yuko jela, na aliyemtia ni mume wangu.

Siku ya posa ulinisifia Eliphalet Burdick, ukasema ni tabibu, ana mali, atafika mbali. Haya, amefika! Ni mbunge sasa. Sikiliza alivyofika. Aliziba mto apate maji ya kinu chake cha ngano, mashamba ya bondeni yakawa kinamasi, na tangu hapo kila kiangazi watu wanatetemeka kwa homa. Wakitetemeka wanamwita nani? Yeye. Gome la kutibu homa wananunua wapi? Dukani kwake. Na walipoomba bwawa libomolewe, baraza likamsikiliza nani? Yeye yeye! Akawaambia homa inaletwa na pombe ya tufaha. Jamani! Mtoto wa Zadok, wa kunyonya, alilewa lini? Tulimzika Agosti.

Ndipo Zadok akamwambia nje ya kanisa, watu wakisikia, kwamba daktari gani huyu anafuga ugonjwa kama kuku ili auze dawa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mume wangu alinuna wiki nzima.

Basi siku ya sherehe ya ushindi wake, mji mzima ukiwa uwanjani unakula keki ya uchaguzi na kunywa ramu yake, mbao za lango la bwawa ziling'olewa, maji yote yakaenda zake mchana kweupe. Zadok peke yake hakuja kula keki, kwa hiyo ni yeye. Hakimu, ambaye ana hisa kwenye kinu, alisema mdomo ulioropoka ndio mkono uliong'oa. Hiyo nayo ni hukumu?

Kaka, kikulacho ki nguoni mwako. Ni mimi. Nilisingizia kichwa kinaniuma, nikabaki nyumbani, nikachukua mtaimbo wa kinu, nikang'oa ubao mmoja mmoja hadi viganja vikachubuka. Bwawa silijutii hata kidogo. Namjutia Zadok.

Jana nilimwambia mume wangu kila kitu, nikamsihi amtoe mtu wa watu. Unadhani aligomba? Hata. Alinishika mkono, akanipima mapigo, akasema kwa upole, mke wangu, una homa, unaweweseka, kunywa gome ulale. Kisha akafunga mlango, akawaambia wageni mkewe hajiwezi.

Jumapili nitasimama kanisani baada ya mahubiri, niwaonyeshe viganja hivi. Kwa hiyo wakikuletea habari kwamba mdogo wako amerukwa na akili, na kwamba daktari mwenyewe ndiye aliyethibitisha, wewe unajua.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na mama mwambie namkumbuka.

Ni mimi mdogo wako,
Mehitabel