Mtoto Tuliyemwachia Shangazi

Lweba, Jumapili baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Nimemwomba shemasi anayekuletea barua hii asikupe ukiwa umesimama. Akupe umeketi, na Mama awe ameketi karibu nawe. Kama amesahau, basi wewe keti sasa, umwite Mama, halafu uendelee kusoma.

Nawasalimu wote huko kambini. Mgongo wako unasemaje? Mama ameacha kukohoa? Na lile turubai la paa, limevumilia upepo wa mwezi huu? Mimi mwilini ni mzima. Nakula bugali na samaki wetu wa mikebuka kila siku mpaka Mama angefurahi kuniona. Rohoni ndiko hakuko sawa. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungenisikia ninavyopumua, ungejua kabla sijasema, na mimi ningelia badala ya kueleza. Karatasi haisikiki ikilia. Na ni ajabu, Baba: naandika kutoka kwenye kiwanja chetu wenyewe, kwenda kwenye hema la ugenini, na bado naona kama naandika nyumbani, kwa sababu ninyi mko huko.

Nianze na lililo zito, maana hutalisikia la gari mpaka ulijue hili. Dada yako, Shangazi Mangaza, alitutoka mwaka jana, wakati wa kupalilia karanga. Ilikuwa homa ya siku tatu. Zile mara zote tulizompigia simu hapatikani, tukasema labda ameipoteza, labda hana pa kuichaji, alikuwa tayari chini ya udongo. Majirani walituma habari kwa mtu wa boti. Mtu wa boti hakufika kwenu, au alifika akashindwa kusema. Pumzika hapa kidogo. Mama akupe maji.

Sasa la gari.

Uliponituma nivuke ziwa ulinipa maneno mawili. La kwanza, nichimbue pampu tuliyoizika, nimpe fundi aifunge, gari litembee. La pili, kama gari limekufa kabisa, nibadilishane na mfanyabiashara yeyote wa Baraka, nipate chochote chenye magurudumu cha kuwapokea bandarini siku mtakaporudi. La kwanza ulilisema mara nne, la pili mara moja. Nilielewa unataka lipi.

Unakumbuka asubuhi ile tuliyokimbia. Madereva wote wa huku wanajua dawa ya wenye silaha: ukiacha gari zima watalichukua, lakini ukiondoa pampu ya mazutu, ile inayosukuma mafuta kwenye injini, watabaki kusukuma na kutukana. Ukaifungua, ukaipaka grisi, ukaiviringisha kwenye plastiki, halafu kwenye kitenge cha Mama, kile cha samaki wa bluu. Tukachimba nyuma ya jiko. Wewe ndiye uliyesema tuweke tuta la udongo na msalaba wa vijiti, kwa sababu hata mwizi hachimbui kaburi la mtoto. Ulipomaliza ukamgeukia Shangazi, ambaye alikuwa amekataa kupanda boti, ukamwambia, "Mangaza, nakuachia mutoto. Umuchunge. Ukimupoteza, utanizalia mwingine."

Sote tulicheka. Mimi pia nilicheka, Baba, sikusemi wewe peke yako. Mwanamke wa umri wake, Lweba nzima inamwita Mangaza tu, si Mama wa fulani, na sisi tunamtania kwa hilo na boti linangoja. Yeye alichukua ufagio akaanza kufagia alama za miguu yetu kuzunguka tuta.

Nilipofika nilikuta mlango umefungwa, nikadhani Shangazi amekimbilia vijiji vya jirani kama wengine, nikaanza na gari. Riziki iko palepale tulipoiacha, imekaa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti chako. Kile kibao ulichokipigilia juu ya kabini bado kipo, na jina lake kwa rangi nyekundu, RIZIKI, na ile Z yako inayotazama nyuma, ambayo sote tuliogopa kukwambia. Nilimwita fundi Amisi wa Baraka. Alilala chini yake nusu siku, akatoka uso mweusi, anacheka.

"Moteri iko muzima," akasema. "Mipira tutatafuta, betri tutatafuta. Inakosa pompe tu. Leta pompe, siku mbili tunapanda Fizi."

Nilifurahi kupita kiasi. Nikaanza kuiona tayari ikipanda ule mlima na magunia ya karanga, na wale wamama wa Bibokoboko wanaoshusha maharage na maziwa wakikupigia kelele uwangoje kama zamani. Nilichukua jembe nikaenda nyuma ya jiko nikiimba.

Tuta lilikuwa limerefuka. Tuliacha kaburi la mtoto, Baba, nimekuta kaburi la mtu mzima. Limezungushiwa mawe ya ziwani, limefagiliwa. Nilidhani nimekosea kiwanja. Jirani yetu Mama Zawadi, yule muuza mawese, akaniona nimesimama na jembe, akaja akanishika mkono, akanikalisha kwenye kinu kilichoinamishwa. Hapo ndipo nilipojua Shangazi amekufa. Naandika alivyosema.

"Tulikuwa bantu bane tu. Bamama batatu na muzee moya. Bengine bote bamekimbia, risasi zinalia kule juu, hata munganga hayuko. Kwenda makaburini tuliogopa. Tukasema, tumulaze hapa karibu na mutoto yake, udongo iko laini."

Nikamuuliza, "Mutoto yake gani?"

"Ah, wewe! Si huyu? Kila siku asubuhi alikuwa anamufagilia. Basoda ba bunduki bakipita, anakaa juu ya kaburi analia, mpaka bao benyewe banamupa pole, banaenda. Sisi hatukujua kama alizaaka. Tukasema, labda alizalia siri, mutoto akafa, familia ikanyamaza. Haya mambo yanatokeaka."

Halafu akashusha sauti. "Tulipochimba tukamukuta. Amefungwa muzuri, mu kitenge ya samaki. Alikuwa muzito, tulishangaa. Lakini nani atafungua maiti ya mutoto ya mwenzake? Tukamupakatisha mama yake, hapa, ku kifua. Tukabafunika bote pamoja."

Baba, nilicheka. Nisamehe. Kicheko kilitoka chenyewe, na Mama Zawadi akadhani ni uchungu umenipanda kichwani, akaniombea. Kisha nikalia mpaka kamasi. Dada yako amezikwa amepakata pampu ya mazutu.

Siku mbili nilikukasirikia. Nakwambia kwa sababu sitaki kukuficha kitu ndani ya barua hii. Nilisema, kama si ule utani, angepanda boti. Kisha nikakumbuka alivyoliogopa ziwa tangu boti la watu wa Ubwari lilipozama na rafiki zake, na kwamba hata kabla ya utani wako alikuwa amekwisha kushusha kifurushi chake. Najua utakayoyawaza ukilala. Uyawaze, lakini na hilo la ziwa uliwaze pia.

Fundi Amisi nilimweleza yote, kwa sababu alikuwa ananingoja na spana mkononi. Pampu ya aina ile, alisema, siku hizi hata Bukavu haionekani. Angeweza kufunga nyingine kwa kuchonga na kulehemu, lakini ingetuacha katikati ya mlima wa Fizi na mzigo mgongoni. "Chimbula tu," akasema. "Mufu hana kazi na pompe. Shangazi yako mwenyewe alichungaka ile kitu juu yenu. Angekuwa muzima angekupa jembe." Maneno hayo yalinikaa, Baba, kwa sababu ni kweli. Aliilinda ili tuichukue.

Basi kesho yake asubuhi tulikwenda, yeye na mimi. Nilipiga jembe. Mara moja, upande wa miguuni. Sikupiga la pili, kwa sababu Mama Zawadi alitokea kwenye uzio na ufagio wake. Kumbe tangu Shangazi aondoke, yeye ndiye anayefagia pale. Alitazama jembe langu na ule udongo uliofunuka, akatabasamu.

"Aksanti, mutoto yangu," akasema. "Unabapalilia. Mangaza alikulea muzuri."

Alianza kufagia kichwani, polepole, kama mtu anayefagia mahali ambapo mtoto amelala. Nilichuchumaa nikaanza kung'oa majani. Sikujua la kufanya jingine. Amisi akaweka spana chini, akachuchumaa upande wa pili, naye akang'oa. Tulipalilia kaburi lote, tukarudishia na ule udongo nilioufunua. Alipoaga aliniambia hataki malipo ya siku ile.

Baba, nimebadilishana gari. Nilijua ungetaka niulize kwanza. Ningekuuliza, ingebidi uchague kati ya dada yako na gari lako, na jibu lolote ambalo ungelitoa lingekutafuna mpaka uzeeni. Sikutaka uchague. Kama kuna kosa, liwe la mwanao.

Aliyelichukua ni mfanyabiashara mmoja wa sokoni Baraka, muuza mbao, ana magari mawili ya aina ileile na anatafuta vipuri. Alizunguka Riziki, akapiga teke jiwe, akasema, "Nachukua vile iko." Ametupa kamyoneti yake ya kijani. Ni pikapu ndogo, mlango wa kushoto hufungwa kwa kamba, na haiwezi hata robo ya mzigo tuliokuwa tunabeba. Lakini inatembea. Bandarini mpaka Lweba inafika, nimeijaribu. Mama atakaa mbele.

Siku walipokuja kuivuta Riziki nilishindwa kuangalia, nikaingia jikoni. Wale vijana wake waling'oa kibao cha jina, kwa sababu tajiri anataka kuandika lake, wakakitupa kwenye nyasi. Nilikiokota. Nilikaa nacho magotini, naitazama ile Z. Sikuwa na mpango wowote wa kukifanyia.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulimwondolea Shangazi matanga. Watu wengi wamerudi sasa, walikuja kutoka hata Mboko. Mama Zawadi alipika bugali, mimi nilileta samaki, wamama wa kanisa wakaimba. Msalaba tulitengeneza mpya. Kabla ya sala mzee wa kanisa akaniuliza mbele ya watu wote, kwa upole, "Mutoto alikuwa anaitwa nani? Tumuandike pia. Si vizuri alale bila jina."

Walinitazama wote. Ningeweza kusema ukweli pale. Wale wamama watatu walikuwa wameketi mstari wa mbele, wale waliomzika dada yako wakati sisi sote tulikuwa ng'ambo, na wangejua walimpakatisha chuma. Nikaingia ndani nikatoka na kibao. Nikakipigilia misumari kwenye msalaba, chini ya jina lake.

Mama Zawadi alikigusa na kidole, hapo kwenye Z. "Kumbe ile gari ilibebaka jina ya mutoto tangu zamani," akasema, akalia upya.

Sasa hapa hakuna anayesema Mangaza tena. Nikipita sokoni wananipa pole ya Mama Riziki. Hata watoto wanaochota maji wanasema, "Pale kwa Mama Riziki." Mara ya kwanza nilipolisikia nilisimama katikati ya barabara. Wewe na mimi tulimcheka kwa kukosa jina hilo, na amelipata bila sisi.

Nakuomba usimweleze mtu la pampu, isipokuwa Mama. Kitenge ni chake, ana haki ya kujua kilipo.

Msalimie Mama, mwambie asilie peke yake. Msalimie dada yangu Furaha na cherehani yake, nitampelekea nyuzi kwa boti lijalo. Mjomba anayeshona viatu mpe mkono, mwambie ile kofia yake bado iko kwenye msumari palepale alipoitundika. Mchungaji wa huko umwombe ibada moja kwa ajili ya dada yako. Na akikuuliza tumtaje kwa jina gani katika sala, Baba, usiseme Mangaza. Sema Mama Riziki.

Ni mimi mwanao niliyeshika jembe nikaliacha,
Wilondja