Mama Mkwe wa Petro Alilala Wapi

Birmingham

Yaya Mapendo, dada yangu mkubwa,

Amani ya Bwana ikukute hapo nyumbani. Mguu wako unaendeleaje? Na ziwa, samaki wamerudi ao bado? Mimi sasa ni mzima, ndiyo maana nimeshika kalamu mwenyewe. Uvumilie mwandiko.

Sikukuandikia mapema nisikutie wasiwasi. Baridi ilipoanza nilishikwa na homa ya mapafu. Nilikuwa peke yangu kule ghorofani, hata simu nilishindwa kuifikia. Binti yangu Furaha ndiye aliyenikuta. Hospitali wakasema nisikae tena peke yangu, niende kwa binti ao nyumba ya wazee. Nililia, Yaya. Nyumba ya wazee, nani atanisemesha? Na kwa Furaha kuna mume wake. Unajua kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwe. Hata njiani tunapishana mbali, salamu zake zote hupitia kwa Furaha.

Basi Jumapili moja, kanisani kwetu Acocks Green, Dada Wambui, nesi Mkenya, alikuwa ametoka Israeli na picha alizosafisha za Kapernaumu, kijiji alichokaa Petro. Kumbe ni kando ya ziwa, kama sisi Uvira. Walikuwa wavuvi. Anasema hata ndoana zilichimbuliwa ndani ya nyumba wanayoiita ya Petro. Leo hakuna mtu, ni kuta fupi za mawe meusi. Bwana Yesu alihamia pale, akaponya wengi, hata yule aliyeteremshwa kupitia paa, lakini mwisho alikikaripia kile kijiji maana hawakutubu.

Mimi nikauliza, "Na mama mkwe wa Petro, yule wa homa, alilala wapi?"

"Hapo hapo, mama. Vyumba vidogo vidogo, ua mmoja, ukoo mzima ndani."

"Pamoja na mkwe wake?"

"Sasa angeenda wapi? Nyinyi Wakongo mna mambo."

Watu wakacheka. Mkwe wangu hakucheka. Alikuwa safu ya nyuma, ameinamisha kichwa. Akasema, "Dada Wambui, umwambie mama, kama Petro aliweza, na mimi nitaweza. Chumba kipo."

Nikamjibu Wambui, "Mwambie nimesikia."

"Si mko hapa wote wawili?" akasema Wambui.

Nimehamia, Yaya, na moyo umetulia. Tumejiwekea utaratibu: akitaka kuingia sebuleni anakohoa kwanza mlangoni, nami najifunga kitenge vizuri. Yule mama wa Kapernaumu homa ilipomwacha aliinuka akawahudumia. Jana nami nilipika samaki, nikaiweka sahani mbele ya mkwe kwa mkono wangu. Alikula macho kwenye sahani. Kisha akasema, "Aksanti, mama." Mara ya kwanza bila kupitia kwa Furaha. Nikamwongezea mchuzi.

Unisalimie mama mdogo anayeuza vile visamaki vya ndagala, kaka yetu wa mwisho na watoto wake, na wifi yangu mjane. Shangazi mkubwa najua ataweka mikono kichwani. Akiuliza ninalala wapi, usimfiche. Mwambie ninalala kwa mkwe wangu, chumba cha nyuma, na usingizi naupata.

Mdogo wako anayekupenda,
Mama Furaha